Kichupa Namba Arobaini na Moja

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, nesi alifunga mpira kwenye mkono wa Bibi Cherehani, akaupigapiga kwa vidole viwili, akaupata mshipa mara ya kwanza. Damu ikaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu. Kilipojaa, mkono wa nesi ukashuka nacho mpaka mezani, na hakuweza kukiinua tena.

"Umeishi mtaa huu miaka mingapi, mama?"

"Ishirini na saba."

"Ndiyo maana," nesi akasema. Akabandika namba arobaini na moja, akampa pamba ya kubana.

Ilikuwa hivyo tangu Jumatatu. Waliohamia mwaka jana walitoa damu yenye uzito wa damu. Aliyekaa miaka mitano, kichupa chake kilikuwa na uzito wa ndoo ya maji. Miaka kumi na tano, mfuko wa saruji. Mwilini haikumlemea mtu, maana mwilini mtu huwa ameshaizoea. Uzito ulijitokeza ikishatoka. Fomu ya upimaji ilikuwa na kurasa sita na iliuliza mpaka idadi ya madirisha, lakini uzito wa damu haikuuliza.

Upimaji ulifanyika ukumbini, kwenye ofisi ya mtaa, hatua mia tatu kutoka dampo. Malori ya viwandani yalikuwa yakimwaga pale mapipa yasiyoandikwa kitu, na wakazi walikuwa wameandika barua miaka kumi na moja wakiomba wapimwe. Barua ya kwanza aliipeleka Bibi Cherehani kwa mkono wake, enzi hizo bado ana meno yote ya mbele.

Miaka mitano iliyopita jambo hilo likaingia ndani ya nyumba yake. Binti yake alipata mimba, na mama mtu ndiye aliyemfukuza. "Nenda zako mbali. Usiniletee mtoto hapa mpaka nipimwe, tujue tunaishi na nini." Wala yeye hakuwafuata huko, hakutaka kumpakata mtoto huku ana kitu mwilini asichokijua jina. Mjukuu sasa alikuwa na miaka minne, na bibi yake alimjua kama sauti ya kwenye simu. Kila mwaka Bibi Cherehani aliuliza vipimo vya bega na kiuno, akashona gauni, akalitundika ukutani lisubiri siku ya kuja mwenyewe. Yalikuwa manne, na matatu yalishakuwa madogo. Kila asubuhi aliyapangusa vumbi, na asubuhi nyingine alilia.

Jumatano akaja dereva wa pikipiki na kisanduku cha barafu, maana maabara ilikuwa mbali na ilitaka vichupa vifike kabla ya jioni, vikiwa vya baridi. Kwenye namba arobaini na moja alichuchumaa, akavuta, akajikuta amekaa chini.

"Sista, hapana. Mgongo nimepewa mmoja tu."

Wakaitwa wanaume wanne kutoka kwa fundi wa matairi. Walikiburuta kichupa hadi ukingoni, meza ikavunjika mguu, kichupa kikaangukia sakafu na kuipasua, chenyewe kizima kabisa.

"Mama, kwani wewe umekula nini?" akauliza mmoja, huku ameshika kiuno.

"Hichohicho mnachokula nyie."

Wakacheka wote, naye akacheka.

Nesi alijitahidi, tusimsingizie. Alijaribu kuchukua tone moja tu. Tone likatoboa kioo cha kupimia, likatoboa na benchi. Akampigia simu mkuu wa utafiti, ambaye mtaani walimpachika jina la Bwana Takwimu, akaomba mashine iletwe ukumbini. Akajibiwa kwamba mashine ile ni nyeti mno, haiwezi kukaa karibu na vumbi la dampo.

"Na hivi vizito nivifanyeje?"

"Sista, sampuli isiyofika si sampuli."

Pikipiki ikaondoka na vichupa thelathini na vinane vilivyobebeka. Ishirini na viwili vikabaki sakafuni.

Wiki sita baadaye tangazo likabandikwa mlangoni pa ofisi: damu zote zilizopimwa zimekutwa salama. Watu wakasoma, wakaguna, wakaenda zao kuteka maji. Malori yakaongezwa mawili.

Binti akapiga simu siku hiyohiyo.

"Mama! Nimetumiwa picha ya tangazo. Jumamosi tunakuja. Mjukuu wako ameshafungasha mpaka viatu."

Bibi Cherehani akakaa kitandani. Maneno hayo aliyasubiri miaka mitano, na yalikuwa matamu vilevile alivyoyawazia. Kusema karibuni lilikuwa jambo dogo sana.

"Msije," akasema.

"Mama?"

"Mimi hawakunipima. Kichupa changu kiko palepale ukumbini."

"Kwa nini?"

"Kizito."

Binti alikulia mtaa ule, kwa hiyo hakuuliza kizito kiasi gani. Nyuma yake sauti ndogo ikauliza, "Bibi anasemaje?"

"Sasa lini, mama?"

"Wakikipima."

Nesi akahamishiwa kazi nyingine. Ukumbi uliendelea kutumika kwa mikutano, na mfagiaji akajifunza kuzungusha ufagio pembeni ya vichupa. Kila Jumanne Bibi Cherehani alikwenda na utepe wake wa ushonaji, akapiga magoti, akapima kichupa chake kimezama kiasi gani. Kufikia mwisho wa mwaka kilikuwa kimezama inchi tatu, kikabaki kifuniko cha bluu tu. Alikipangusa vumbi, akakiaga, akarudi nyumbani.

Mwaka mpya ulipoingia alikunjua kitambaa cha maua ya njano na kukitandaza mezani. Safari hii hakupiga simu kuuliza vipimo. Alimkatia mjukuu gauni la mtu mzima.