Nywele za Mjane wa Busasamana

Mbarushimana wa Busasamana alikwenda vitani kwa sababu ya mabati. Aliona nyumba ya katekista imeezekwa kwa mabati, akamwambia mkewe Nyirasafari kwamba mshahara wa askari ungetosha kuezeka yao. Alivuka mpaka hadi Goma, akaandikishwa katika jeshi la Wabelgiji, na mwaka 1941 akauawa Uhabeshi. Habari ililetwa na Faradji, askari mwenzake, fundi cherehani wa Mbugangari, aliyesema kwamba yeye mwenyewe alishiriki kumzika. Hakukuwa na shaka.

Kwa desturi, nyumba iliyofiwa huitwa nyeusi mpaka siku ambayo wafiwa wananyolewa na kutangazwa kuwa weupe. Nyumba nyeusi haiozeshi binti, na mjane wake haguswi. Akishanyolewa, ndugu wa marehemu ana haki ya kuingia kwake kama mume, na shamba huwa lake.

Ndugu huyo alikuwa Ntawukuriryayo. Kila baada ya mavuno ya mtama alitaka shughuli ifanyike, na kila mara Nyirasafari alipata sababu: pombe haitoshi, mvua imezidi, mtoto anaumwa. Miaka ikapita hivyo. Majirani walimtania kwamba ndege wangetaga katika nywele zake. Akawajibu kwamba mayai yatakuwa yake. Alilima shamba la mumewe, akauza viazi, akamlea binti yao Xavérine. Watu walimsifu kwa kumwombolezea mumewe kwa uaminifu mkubwa. Hakukanusha.

Mwaka 1953 Hitimana wa Mahoko alikuja kumposa Xavérine kwa ajili ya mwanawe. Binti aliridhika. Ng'ombe wa mahari angepokelewa na Ntawukuriryayo, lakini Hitimana alieleza kwa upole kwamba hawezi kumtoa mkwe katika nyumba nyeusi. Xavérine hakumlaumu mama yake. Aliacha tu kusuka vikapu vya harusi. Baada ya wiki chache Nyirasafari alituma ujumbe kwa shemeji yake kwamba yuko tayari kunyolewa.

Siku hiyo wageni walisimama nje ya ua pamoja na ng'ombe wao, wakisubiri nyumba itangazwe kuwa nyeupe. Nyirasafari aliketi juu ya mkeka. Wifi yake Mukashyaka aliponyanyua wembe, Nyirasafari alimshika mkono.

"Shemeji," alisema, "kabla wembe haujashuka, waambie wageni kwamba hutaingia nyumbani mwangu."

Ntawukuriryayo alicheka. "Mama Xavérine, mambo ya ndani unayaanika mbele ya wakwe?"

"Nayaanika penye jua. Ukikataa nitainuka na nywele zangu, na ng'ombe atarudi Mahoko."

Wanaume walitazama chini. Hitimana alikohoa, akasema kwamba safari ya kurudi ni ndefu. Mzee mmoja akauliza kama ng'ombe ana mimba. Hitimana akathibitisha kwamba anayo. Ntawukuriryayo alimtazama mnyama yule kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama shemeji yake.

"Sitaingia," akasema.

"Na shamba?"

"Lima shamba lako."

"Rudia. Walio nyuma hawakusikia."

Akarudia, safari hii bila kucheka.

Ndipo Nyirasafari alipomwachia Mukashyaka mkono. Shungi la kwanza la nywele lilianguka juu ya mkeka, kisha la pili. Wembe ulipofika nusu ya kichwa, Nyirasafari, ambaye kwa muda wote huo alikuwa ametumia msiba kama mlango wa kujifungia, alianza kulia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ileile. Faradji alikuwa amesema kweli: Mbarushimana alikuwa amekufa, na sasa hakukuwa na kitu cha kumkinga mjane wake asifikiwe na habari hiyo.

Wageni walidhani anamlilia binti anayeondoka. Jambo hilo liliwapendeza, wakamwingiza ng'ombe uani.

Xavérine hakudhani hivyo. Alipiga magoti kando ya mkeka na, kwa mara ya kwanza, akamwuliza mama yake sauti ya baba ilikuwaje.