Damu Isiyouma

Mbaruku alipokojoa damu kambini, wapiganaji wenzake hawakumuuliza kama anaumwa. Walimburuta hadi kwa mkewe, Chiku, kando ya mto Lumemo.

"Aliyekunywa maji ya dawa haruhusiwi kulala na mwanamke mpaka vita viishe, na damu hii inaonyesha amevunja mwiko," mganga wa vita aliyekuja nao alimfokea Chiku. "Umemharibia dawa, sasa risasi za Wajerumani zitatumaliza sote!"

"Tangu anywe hayo maji yako hajakanyaga hapa," Chiku alijibu. "Damu ilianza wakati wa mavuno, kabla hajayanywa. Haimuumi, ndiyo maana hakuwaambia. Mguse ubavuni kama hunisadiki."

Mganga aliingiza vidole chini ya mbavu za Mbaruku, akakuta uvimbe mgumu kama jiwe. Akautoa mkono upesi.

"Kumbe mgonjwa!" mpiganaji mmoja akasema.

"Mgonjwa, mzinzi, yote nuksi," mganga akamwambia Chiku. "Afie kwenu."

Wakamwacha chini vumbini, wakaenda zao. Chiku alimwinua mumewe, kisha akawageukia wanawe waliokuwa wamejibanza mlangoni.

"Mmeona? Atakayekojoa damu akanyamaza eti kwa sababu haimuumi, asiniite mama."