Herufi Tatu Nyekundu

F kubwa ilikuwa imejinyoosha kwenye ubao kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Baada yake ilikuwepo S, kisha U, zote nyekundu, zote zikimkodolea Akeyo macho mlangoni pa kibanda chake.

"Fundi Sanifu wa Umeme," alisoma kwa sauti ya chini. "Kilonzo, umenimaliza."

"Nimekupamba, dada." Mchoraji alikuwa amekuja na rangi zake kutoka kituo cha matatu cha Kawangware 46, brashi sikioni. "Herufi ndogo nani ataziona kutoka kule relini watu wanakopita?"

"Nilikwambia ndogo zote! Ndogo ni kazi ninayofanya. Kubwa ni jina la cheti, na cheti sina."

"Si ulifanya mtihani?"

"Majibu bado. Na wakaguzi wa bodi ya mitihani ya mafundi wanazunguka hapa Laini Saba tangu asubuhi. Wakikuta nimejipa jina lao, mtihani wangu unafutwa."

Kilonzo aliacha kutabasamu. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa akaanza kusugua. Rangi ilikuwa bado mbichi. F ikaburutika, ikageuka doa, S na U zikafuata. Akeyo alishika kona ya ubao akahisi kama anayesuguliwa ni yeye. Alikuwa amefunga nyaya nusu ya nyumba za mtaa wa Gatwekera, taa zikawaka, wala hakuna aliyemuuliza habari za herufi. Lakini siku ile mwalimu wake, Bi Mumbi, alipoliandika jina la cheti darasani, alizitamani herufi hizo tatu kama mpangaji wa chumba cha mabati anavyotamani nyumba ya mawe.

Simu ikatetemeka mfukoni. Aliisoma, akampa Kilonzo.

"'Akeyo, umefaulu,'" Kilonzo alisoma. "'Kuanzia leo jiandike kwa herufi kubwa. Mumbi.'" Akatazama kitambaa chake chekundu. "Haki ya Mungu! Na mimi ndio nimemaliza kufuta!"

Akeyo alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Pumzi aliyoibana tangu siku ya mtihani ikamtoka yote.

"Nizirudishe?"

"Lete brashi. F naiandika mwenyewe."

Ilitoka imeinama kidogo. Kilonzo, mtu wa mistari iliyonyooka, aliiacha hivyo hivyo, akarudisha S na U. Wakaguzi walipotokea kwenye kona, rangi ilikuwa ingali ikichuruzika, na Akeyo hakuugeuza ubao.