Bwawa Limepasuka

Nicanor alijifunza Kiarabu huko Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipokuwa akipakua shehena za jeshi. Mwaka 1956, katika shamba la mkonge karibu na Ruiru, hakukuwa na mfanyakazi mwingine aliyeijua lugha hiyo. Basi kila Jumapili alasiri, redio ya duka la shamba iliponasa Kairo, wenzake walimzunguka awatafsirie.

"Mtangazaji anasema watu ni maji," Nicanor alieleza Jumapili moja. "Wamezuiwa miaka mingi. Sasa bwawa limepasuka, na mafuriko yatazoa majumba ya wakubwa."

Ephantus, rafiki yake wa kiwandani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Hawa Waarabu wanajua kusema!"

Jumanne askari wawili walimtoa Nicanor mashineni.

Kituoni afisa Mzungu alikuwa ametandaza ramani ya bwawa la Ruiru mezani. "Mtalipasua lini?" aliuliza. "Baruti iko wapi?"

Nicanor nusura acheke, kisha akaona afisa hana mzaha.

"Bwana, si bwawa la kweli. Ni namna yao ya kusema. Wakitaja tufani, maana yake watu wamekasirika. Wakitaja moto chini ya majivu..."

"Kumbe na moto?" Afisa akaandika.

Kila alipoeleza, neno jingine liliingia daftarini. Akaona amebakiwa na njia moja tu, shahidi.

"Muulize Ephantus, Bwana. Alikuwepo. Atakwambia tulicheka tu."

Kalamu ikasimama. "Ephantus. Mkikuyu?"

Hapo ndipo Nicanor, ambaye hakuwa Mkikuyu, alipojua alichofanya: siku hizo za Hali ya Hatari, kila Mkikuyu alishukiwa kuwa muasi. Alisema labda amekosea jina. Haikusaidia kitu.

Walimwachilia saa kumi. Njiani alipishana na lori la polisi, na Ephantus ameketi nyuma kati ya askari, mikono kisogoni. Alipomwona Nicanor aliinua kidevu kumsalimu, maana hakujua.

Wangeci, mke wa Ephantus, alikuwa akimngoja mlangoni.

"Baba Aketch, wewe umetoka huko. Wanamtakia nini?"

"Nilimtaja mimi," Nicanor alisema. "Nilidhani atanitetea."

Wangeci hakupiga kelele. Alijifunga leso upya, akaenda zake.

Ephantus aliwekwa kizuizini, wapi hawakuambiwa. Mwezi uliofuata Wangeci aliamriwa kuhama nyumba ya shamba. Nicanor alienda kumbebea kitanda.

"Kiweke chini," Wangeci alimwambia, akakibeba mwenyewe.