Viti vya Mlango wa Tiba

Nchi ya Tarajia ilijaliwa neema nyingi za ardhi na anga, lakini watu wake waliziona zote kuwa si kitu mbele ya neema moja, nayo ni kupokewa katika Chuo cha Fahari, kilichosimama katika mji mkuu wa Upeo kwa kuta nyeupe na makuba ya shaba. Vyuo vidogo vilitapakaa majimboni, kila kimoja kikiitwa Chuo cha Mwanzo, na vijana walifundishwa humo kwa bidii na mapenzi. Lakini hakuna aliyeridhia kumaliza pale alipoanzia, kwa maana aliyehitimu Mwanzoni alitazamwa maisha yake yote kama msafiri aliyeishia njiani. Kwa hiyo kila mwenye akili aliomba uhamisho. Sheria ya uhamisho ilimtaka mwombaji aiache kwanza nafasi yake ya zamani, achague mlango mmoja wa elimu asioweza kuubadili, kisha akakae katika Uwanja wa Subira, nje ya kuta za Chuo, mpaka mpiga mbiu alitaje jina lake kwa heri au kwa shari. Aliyetoka uwanjani kabla ya kutajwa alihukumiwa kuwa ameidharau elimu.

Milango ya Chuo ilikuwa mingi, ila taadhima yake haikuwa sawa. Watu wa Tarajia hawakuipima elimu kwa faida iliyowaletea, bali kwa wingi wa watu iliowakataa. Mlango wa Kilimo, uliompokea karibu kila aliyeuomba, ulidharauliwa hata na wale walioshiba kwa ajili yake. Mlango wa Tiba, uliowarudisha karibu wote, ulitukuzwa kiasi kwamba wapita njia waliinamisha vichwa mbele yake, na hata waliokataliwa nao walijigamba kwa wenzao kwamba kilichowakataa kilikuwa Tiba. Wakati huohuo wagonjwa wa majimboni walikufa bila kuguswa na mkono wa tabibu, na hapakuwa na mtu aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja akayatazama.

Katika jimbo la Ukiwa, mbali na Upeo, aliishi binti aliyeitwa Raghba, mtoto wa pekee wa Mzee Ridhaa na Bi Tulizo. Alikuwa hodari wa elimu ya mimea. Angeweza kukaa kutwa nzima shambani akichimbua mizizi ya mtama iliyooza ili ajue ugonjwa umeingilia wapi. Walimu wake wa Mwanzo walimshauri auombe Mlango wa Kilimo, na moyo wake ulielekea huko. Lakini kaka wa mama yake, Mjomba Majisifu, alipolisikia jambo hilo alifika nyumbani siku hiyohiyo, akaketi, akakataa kunywa maji, akasema kwamba hawezi kusimama mbele ya watu na kuwaambia kuwa mpwa wake mwenye kipaji amekwenda Upeo kusomea matope. Aliitaja Tiba kwa sauti ya chini, kama mtu atajaye jina la mfalme. Katika chumba cha pili Bi Tulizo alikuwa akikohoa kikohozi chake cha miaka mingi. Raghba alikisikiliza kikohozi kile, akamtazama mjomba, akasema atauomba Mlango wa Tiba. Baadaye, kila alipojiuliza kama alichagua kwa ajili ya kifua cha mama yake au kwa ajili ya macho ya mjomba wake, hakupata jibu alilolisadiki.

Uwanja wa Subira ulikuwa mpana, wa mawe matupu, na waliokaa humo walikuwa watu wasio na kwao huku wala kule. Hawakufanya kazi, kwa kuwa wangeweza kuitwa wakati wowote. Hawakuoa wala kuolewa. Hawakusoma, maana hawakujua watakachohitaji kukijua. Kazi yao ilikuwa kubashiri. Mlinzi akitabasamu, walisema Wateuzi, wale waamuao nani apokewe, wamelainika. Mpiga mbiu akichelewa kutokea asubuhi, walisema nafasi zimekwisha. Jirani yake Raghba alikuwa kijana aitwaye Sabiri, aliyeuomba Mlango wa Tiba siku nyingi kabla yake na ambaye mvi zilikuwa zimeanza kumwota juu ya masikio. Alimwonyesha mahali penye kivuli, namna ya kulala bila kukosa kuisikia mbiu, na namna ya kutowatazama waliokataliwa, kwa sababu baadhi yao hawakuondoka; walibaki wamekaa palepale, na wafagiaji wakafagia kuwazunguka.

Siku moja msafiri kutoka Ukiwa alileta habari kwamba Bi Tulizo amelala na hainuki. Raghba alimwendea mlinzi akaomba ruhusa. Mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimjibu kwamba ruhusa si yake kutoa, na kwamba majina huenda yakatajwa kesho, huenda mwakani. Sabiri alimsihi abaki.

"Mama yako atafurahi zaidi ukirudi tabibu kuliko ukirudi mtupu," alimwambia.

Raghba akabaki. Alijiambia kwamba anabaki kwa siku moja, na kesho yake akajiambia vivyo hivyo, mpaka ulipofika ujumbe wa pili, safari hii kutoka kwa baba yake, usiokuwa na maneno ila mawili: njoo upesi. Ndipo alipouvuka mpaka wa uwanja mbele ya macho ya wote, wala hakugeuka nyuma.

Alipofika Ukiwa, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Mzee Ridhaa hakumlaumu. Alimsimulia tu, kwa utulivu uliomuumiza Raghba kuliko matusi, jinsi Bi Tulizo alivyopigania pumzi, na jinsi majirani walivyokuja na dua na majani ya kufukiza, kwa sababu tabibu aliyeahidiwa jimbo la Ukiwa hakuwahi kuletwa. Raghba alilia matanga yote. Yalipoanuliwa, alirudi Upeo, akaupita uwanja mzima bila kusalimu mtu, akaupiga Mlango wa Tiba kwa ngumi mpaka vidole vikatoka damu. Walinzi wakamkamata.

Baada ya siku chache alishtakiwa palepale uwanjani mbele ya Kadhi Dhahiri, na mshtaki wake alikuwa Mkuu wa Wateuzi, Bwana Ghururi, aliyezungumza kwa madaha ya mtu asiyezoea kupingwa. Alieleza kwamba mshtakiwa ameidharau subira, na anayeidharau subira ameidharau elimu yenyewe. Kadhi akamuuliza Raghba ana nini la kujibu.

"Nina swali, Mheshimiwa Kadhi," alisema Raghba. "Nimekaa nje ya mlango huu nikiambiwa hakuna nafasi. Naomba ufunguliwe, tuone aliyezikalia."

Bwana Ghururi alipinga kwamba mlango haufunguliwi kwa matakwa ya mshtakiwa. Kadhi Dhahiri akaamuru ufunguliwe.

Ndani palikuwa na ukumbi mkubwa kuliko msikiti wa Ijumaa, wenye safu kwa safu za viti, na viti vyote vilifunikwa na vumbi na utando wa buibui, isipokuwa vichache vya mbele ambako wanafunzi wachache walikuwa wamegeuka, wamepigwa na butwaa. Mwalimu wao, alipoulizwa, alikiri kwa unyenyekevu kwamba tangu ujana wake amevifundisha viti vitupu, naye alidhani ndivyo elimu ilivyoumbwa. Sabiri alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

Bwana Ghururi hakuona haya. "Tukivijaza viti hivi," alisema, "elimu hii itakuwa ya kila mtu. Nani ataiheshimu?"

"Mama yangu hakutaka kuiheshimu," Raghba alijibu. "Alitaka mtu wa kukisikiliza kifua chake."

Kadhi Dhahiri alitoa hukumu mbili. Ya kwanza, viti vijazwe siku hiyohiyo na walioungoja Mlango wa Tiba uwanjani. Ya pili, kwa kuwa sheria haijafutwa na mshtakiwa hakukana kwamba aliondoka, Raghba hawezi kuhesabiwa miongoni mwa waliongoja, na Chuo cha Fahari hakitampokea kwa mlango wowote.

Watu waliinuka na kuingia kwa msukumano. Sabiri alipofika mbele ya Raghba alisimama, akafungua kinywa. Walio nyuma wakamsukuma, akapita, kichwa chake chenye mvi kikapotelea ndani. Mavumbi ya viti yalitoka mlangoni kama moshi. Mjomba Majisifu, aliyesafiri kuja kushuhudia kesi, alikwisha kuondoka bila kuaga.

Raghba alirudi Ukiwa kwa miguu. Alimkuta baba yake amekaa barazani peke yake, akamweleza yote, ya viti na ya hukumu, bila kuficha zile siku alizobaki uwanjani baada ya habari ya kwanza. Mzee Ridhaa alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba amemsamehe, wala hakusema kwamba hakumsamehe. Alijisogeza pembeni ya jamvi, akamwachia nafasi ya kukaa.