Neno la Firmin Juu ya Soja

Mwaka 1981, Katsuva Firmin alikuwa na panya weupe arobaini katika chumba kimoja nyuma ya shule alimofundisha biolojia, hapa Bunia. Kwenye karatasi za serikali aliandikwa Katsuva tu, maana majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, lakini nyumbani na kanisani wote walimwita Firmin. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba tangu utotoni, asiye na maneno mengi.

Kazi aliyoifanya saa za jioni, baada ya masomo, hakuna aliyeijua vizuri. Aliwanenepesha panya kwa mihogo na mawese, kisha nusu yao akawalisha soja iliyopikwa na kusagwa. Baada ya wiki nane aliwachinja, akakata vipande vyembamba vya mafuta ya tumboni, akavitazama kwa mikroskopu aliyoazimwa na mapadri. Kwa panya waliokula soja, chembe za mafuta zilikuwa ndogo, kama zimenyonywa. Alikuwa amerudia hivyo kwa miaka mitatu, na kila mara aliona vilevile. Aliamini kwamba ndani ya soja mna kitu kinachozizuia chembe zile kujaa mafuta, ingawa hakuwa na vyombo vya kukitafuta.

Dada yake Suzanne alikuwa muuguzi kwenye kituo cha lishe, mtaa wa Nyakasanza. Akina mama walimletea watoto wenye bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula cha kujenga mwili: miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu, mtoto hacheki tena. Aliwapikia uji wa soja na mahindi. Ilimchukua miaka mitano kuwafanya akina mama waukubali, kwa sababu walisema unanuka, na kwamba soja ni chakula ambacho wazungu huwapa nguruwe.

Jumapili moja ya Januari 1982, Firmin alialikwa kwenye ubatizo wa mjukuu wa Mama Bibiane. Mama huyo aliuza vitambaa sokoni, alikuwa na mwili mkubwa, na daktari alikuwa amemwambia ana ugonjwa wa sukari. Alimvuta Firmin akae karibu naye, akamwuliza wale panya wake ni wa nini hasa. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Firmin akaongea kuliko alivyozoea, na watu wakanyamaza kumsikiliza.

“Soja inapunguza mafuta ya mwili,” alisema. “Nimeiona na macho yangu.”

Alitaka kuongeza kwamba panya wale walikuwa wamenenepeshwa kwanza, na kwamba mtoto wa bwaki hana mafuta ya kupoteza. Yeye soja humjenga nyama na damu. Lakini sahani zililetwa, watu wakainuka kunawa mikono, mazungumzo yakageukia barabara ya Niania na malori yaliyokwama huko. Firmin alikula vizuri siku ile. Alirudi nyumbani akiwa na furaha.

Siku tatu baadaye neno lilikuwa limeenea sokoni: mwalimu wa panya amesema soja inakondesha. Ijumaa, kati ya akina mama thelathini na wanne wa kituo, walikuja kumi na mmoja. Wiki iliyofuata walikuja wanne. Suzanne aliambiwa sababu na mpishi wake, akaenda moja kwa moja shuleni.

“Uliwaambia nini kule kwa ubatizo?”

Firmin alimweleza yote. Suzanne alisikiliza mpaka mwisho.

“Hukusema panya walikuwa wanene.”

“Chakula kilifika.”

Suzanne hakugombana naye. Alimwomba tu aje aseme mwenyewe.

Alikuja. Akina mama waliitwa nyumba kwa nyumba, wakajaa uani. Firmin alichora ubaoni duara kubwa na duara dogo, akaeleza polepole, kisha akala bakuli mbili za uji mbele yao. Wao walikuwa wakitazama mikono yake, ile mifupa ya viwiko. Akasimama Françoise, mama kutoka Djugu. Binti yake Camille, wa miaka miwili, alikuwa ameanza kusimama tena kwa ule uji.

“Mwalimu, weye ulisema soja inakondesha. Leo unasema mutoto haimukondeshe. Na weye mwenyewe unaikula, tunaona vile uko. Siye tushike neno gani?”

Firmin alirudia maelezo yake. Walimsikiliza kwa heshima, wakaenda zao.

Alizunguka mtaani majuma mengi, kila jioni, akibisha milango. Baadhi walirudi. Françoise hakuwepo, alikuwa amempeleka Camille kwa bibi yake Djugu, ambako alilishwa uji wa muhogo mtupu. Mwezi wa Machi alimrudisha mtoto kituoni akiwa amevimba mpaka kope. Camille alikufa siku ya tatu, asubuhi, Suzanne akiwa bado ameshika kijiko.

Firmin alisaidia kuchimba kaburi. Waliporudi, alimfuata dada yake mpaka mlangoni.

“Nilisema ukweli, Suzanne.”

“Ndiyo, ulisema ukweli,” alijibu. “Sasa uniache nilale kidogo.”

Watoto wengine watatu walikufa mwaka ule. Surua nayo ilikuwa imeingia mtaani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakika nini kilimwua nani. Firmin aliwauliza waganga wawili wa hospitali. Wote walimwambia asijitese.

Mwezi wa Agosti barua ilifika kutoka Ubelgiji. Profesa ambaye Firmin alikuwa amemtumia vipimo vya panya wake alivisifu, akaomba panya waongezwe na kazi iendelee. Firmin aliisoma mara moja. Hakumwonyesha mtu. Panya waliobaki aliwaua, akasafisha chumba, akairudisha mikroskopu kwa mapadri, akaendelea kufundisha.

Suzanne aliomba kuhamishwa, akapelekwa kwenye zahanati ya Gety. Firmin alikwenda kumwona mwaka 1984, akasafiri siku nzima juu ya lori la mihogo. Dada yake alimpikia sombe ya majani ya muhogo na samaki. Waliongea habari za mama yao, za bei ya sabuni, za shamba. Kila alipokaribia kulisema lile jambo, Suzanne aliinuka kutazama chungu. Asubuhi alimsindikiza barabarani. Paa la zahanati linavuja, alisema, na Gety haipatikani misumari ya mabati. Akifika Bunia amtumie kilo mbili kwa dereva yeyote.