Gunia Linalokohoa

Alhamisi, tarehe tisa Machi mwaka 2023, ndiyo siku mambo ya Ogola yalipoharibika. Mkewe Mildred aliwasha stovu akaange samaki wadogo wa omena, moshi mweusi ukajaa nyumba, akakohoa mpaka akaishiwa pumzi. Mafuta ya taa yalikuwa ya pampu ya Thuo kule Kawangware. Wakubwa wa kukagua mafuta walikuwa wamepita hapo asubuhi hiyo hiyo, wakanywa chai ya Thuo, wakaenda zao.

Majirani walichanga, mwili wake ukasafirishwa Siaya, na binti yao Aluoch akaachwa huko kwa nyanya yake. Stovu ilibaki nyumbani kwa Ogola, Mashimoni. Mildred alifuata stovu. Baada ya mazishi, jioni moja, aliingia, akavua viatu mlangoni, akaanza kukata mboga ya sukuma.

"Umekonda," alisema.

"Nani angepika?" Ogola akajibu, akampa kisu kile chenye makali.

Shida ilikuwa moshi. Kila akikohoa Mildred alififia, hadi Ogola akawa anasoma kalenda ya ukutani kupitia mgongo wake. Akaenda kwa Kavoi, fundi wa betri Kawangware, ambaye pia aliweka makaa ya mawe ya kuyeyushia vyuma.

"Hayo mafuta yana uchafu wenye naitrojeni," Kavoi akasema. "Huwezi uona. Loweka makaa kwa asidi, suuza, kausha, ponda, halafu chujia mafuta hapo. Makaa itauvuta wote."

"Na ukishavutwa unaenda wapi?"

"Unakaa kwa makaa. Ama ulitaka uende mbinguni, mzee?"

Ogola alichujia kwa ndoo iliyotobolewa. Mafuta yalitoka safi kama maji, moto ukawaka buluu, na Mildred akapika bila kukohoa. Makaa ndiyo yakaanza kukohoa. Yalikohoa ndani ya gunia, kwa sauti ya Mildred kabisa, ile ya siku ya mwisho. Jirani akaleta tangawizi.

Gunia lilipojaa, Ogola alilibeba mgongoni hadi ofisi ya wakubwa. Wacha wasikie wenyewe, alijiambia, hawa wanaolipwa kunusa mafuta na pua zao ziko kwa vikombe. Karani aliyeitwa Nyawira alitega sikio.

"Hiki ni kikohozi cha mafuta ya taa," alisema. "Cha mwanamke."

"Cha bibi yangu. Fungeni pampu ya Thuo."

"Tumesikia, mzee. Weka hapo kwa korido na hayo mengine."

Korido ilijaa magunia kutoka mlangoni hadi chooni. Mengine yalikohoa kitoto. Maafisa walipita katikati na chai yao, wakipaza sauti kidogo ili wasikizane.

Akirudi alipitia kwa Kavoi.

"Makaa imeisha, mzee. Watu wa Riruta wamebeba yote."

Kwa Thuo pampu ilikuwa wazi, foleni imefika barabarani. Ogola akapanga foleni. Bila mafuta stovu haingewaka, na bila stovu Mildred hangekuja.

Jioni Mildred aliingia, akavua viatu. Alimimina mafuta, akayanusa, akashika kiberiti. Hakuwasha.

"Wamesema nini?"

"Wamesikia."

"Na makaa?"

"Imeisha."

Mildred alimtazama kifuani, hakumtazama usoni.

"Sasa huu uchafu leo utakaa kwa nani, baba Aluoch, kwangu ama kwako?"